Mifuko Themanini Baharini

 

Mwezi uliopita msomaji wetu mmoja wa Mwanjelwa alinitumia swali ambalo limenikaa kooni mpaka leo. Anasema hivi: dada mhariri, kila mwezi unatuhimiza tutoke na wenzi wetu, tubadilishe mazingira, tuache kukodolea macho tamthilia kila jioni. Sasa wewe na shemeji yetu, mara ya mwisho mmetoka lini?

Jamani, watu mna maswali! Kama harusi za watu hazihesabiki, na misiba haihesabiki, na kwenda kukagua matofali nako hakuhesabiki, basi safari yetu ya maana ya mwisho ilikuwa Agosti 2024. Tulikwenda Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kuangalia nyangumi. Ndiyo, nyangumi. Mimi Mhehe wa Kilolo, yeye Mnyakyusa wa Rungwe, na hakuna kati yetu anayejua kuogelea.

Sijawahi kuisimulia hapa kwa sababu haikuwa safari ya mahaba kama zile mnazozipenda. Lakini nimeulizwa, basi nasimulia.

Kwanza mjue tunavyoishi. Mimi nipo Iringa na binti yetu, kwa sababu ya kazi hii mnayoisoma. Mwenzangu yupo Mbeya, mhasibu. Kati yetu kuna kilomita 330 hivi na matuta yasiyohesabika. Tunaonana wikiendi mbili kwa mwezi, mara yeye anapanda basi, mara mimi. Najua wengi mnaosoma hapa mnaishi hivyohivyo, ndoa ya stendi, mmoja anapokea begi na mwingine anauliza umekula nini njiani. Na kama wanandoa wengi wa umri wetu, tunajenga. Kiwanja kipo Iwambi, Mbeya.

Mwenye mume anayejenga atanielewa. Mwanaume akishamwaga msingi, shilingi inakufa. Kila kitu kinahesabiwa kwa mifuko ya saruji. Gauni la Krismasi ni mifuko minne. Ada ya chekechea ni trela zima. Siku moja nilimwambia nimenunua kuku wa kienyeji, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mfuko na robo?"

Wazo la nyangumi lilitoka kwa mtoto. Alirudi kanisani Jumapili na picha ya Yona aliyoipaka rangi, akamuuliza baba yake kwenye simu kama Ziwa Nyasa lina nyangumi. Baba mtu, kwa fahari zote za mtu wa kwao, akamwambia ziwa letu lina kina cha mita 700 na ushee, lakini humo ni mbasa na usipa tu. Nyangumi wapo Ulaya.

Ulaya! Nikaingia mtandaoni kwa nia moja tu, kumsahihisha. Huko ndiko nilikokuta jambo ambalo sikuwahi kufundishwa shuleni: nyangumi wanapita kwetu kila mwaka. Wanaitwa nyangumi kibyongo. Wanaanza kuonekana Julai hivi, wanaendelea mpaka Oktoba au Novemba. Wanatoka kusini kabisa, karibu na barafu ya Antaktika, ambako hushiba kamba wadogo wadogo msimu wa kiangazi cha huko. Baridi ikianza wanapanda kaskazini: Msumbiji, Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba, hadi Watamu kule Kenya. Ni zaidi ya kilomita 5,000, kwenda tu. Wanakuja kwenye maji ya joto kupandana na kuzaa. Mkubwa ana urefu wa mita 12 mpaka 16 na uzito wa tani 30 au zaidi, yaani shehena ya semi moja kati ya hizo zinazotupita kwenda Tunduma.

Na kipindi chote hicho mama hali karibu chochote. Anaishi kwa mafuta aliyoyabeba mwilini kutoka kusini, na kwa mafuta hayohayo anamnyonyesha mtoto ambaye anazaliwa tayari ana mita nne. Mstari huo niliusoma mara mbili. Aliyewahi kunyonyesha huku anawahi kazini ataelewa.

Juni kikoba chetu cha ofisini kikagawana. Sikumwambia mwenzangu kiasi. Nilitafuta nafasi mbili za boti, chumba cha usiku mbili, tiketi za basi na za meli, halafu ndipo nikampigia.

Kimya kirefu. Nikasikia anabonyeza kikokotoo, si masihara.

"Mama Neema, hiyo ni mifuko themanini."

"Ni hela yangu," nikasema.

Wapendwa, nimeandika safu hii miaka mingi na nimewaonya mara nyingi kuhusu maneno hayo matatu. Yakishatoka hayarudi. Siku tisa tuliongea mambo ya mtoto tu: amekula, amelala, amekohoa. Siku ya kumi akatuma ujumbe: Nane Nane ni Alhamisi, naweza kuomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu. Hakuongeza neno.

Safari ya kwenda sitawachosha nayo, wengi mnaijua. Alipanda Mbeya usiku, mimi nikamdakia Igumbilo asubuhi, mtoto nikiwa nimemwacha kwa bibi yake. Kitonga tuliteremka nyuma ya lori la mbao, mwendo wa konokono. Mikumi aliniamsha nione tembo, na huo ndio ulikuwa mchango wake wa mazungumzo mpaka Mbezi. Ijumaa meli, kisha gari la kwenda kusini, zaidi ya saa moja kutoka mjini. Jioni tukatembea mpaka kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mwenzangu aliugusa ukuta wake, chokaa na mawe ya matumbawe, akasema, "Miaka mia tisa bila saruji." Nilicheka, naye akacheka, nikadhani yameisha. Wapi!

Jumamosi tuliondoka kabla jua halijatoka. Nahodha wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, kanzu kaikunja begani, na kijana mmoja baharia. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatukagua kama mtu anayepima mzigo.

"Mwatoka wapi, wanangu?"

"Mimi Mbeya," akasema mwenzangu.

"Mimi Iringa," nikasema.

Mzee akatuangalia tena. "Si mke na mume nyie?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haya. Vaeni maboya."

Kuna kitu lazima niwaambie nyie wa nyanda za juu kabla hamjaenda, maana mimi sikuambiwa. Msimu wa nyangumi ndio msimu wa kusi. Upepo unatoka kusini, na bahari ikishatoka kwenye kivuli cha kisiwa inakuwa na milima yake. Mtu aliyezoea kushika usukani Nyang'oro anaweza kudhani amejiandaa. Hajajiandaa. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeegemea ubavu wa boti natoa chai yote, na kijana baharia ananishika boya mgongoni kama unavyomshika mtoto mtaroni. Kunywa dawa ya kigegezi saa moja kabla ya kupanda, tafuna tangawizi, usile maandazi ya mafuta, kaa karibu na tezi ambako boti hairuki sana, na uangalie mbali, usiangalie simu. Na beba jaketi. Watu wanadhani Zanzibar ni joto tu, nilitetemeka kama nipo Njombe mwezi wa saba.

Kwanza tulikutana na pomboo. Walikuwa kama kumi, na boti zilikuwa saba. Kila wakiibuka, boti zote zinawakimbilia, watu wanarushwa majini na miwani yao, pomboo wanazama, wanaibuka kwingine, boti zinageuka tena. Mzee wetu hakusogea. Alisema zamani, yeye akiwa kijana, wavuvi wa hapa waliwawinda pomboo hao kwa chambo cha papa. Utalii ulipoanza miaka ya 1990 ndipo wakaona pomboo aliye hai analisha watu wengi kuliko aliyekufa, uwindaji ukakoma. "Sasa twawapenda mno," akasema, akielekeza kidevu kwenye zile boti. Hakuwa anatania. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja, uliokuta kwamba boti za watalii zikiwapo wanyama hao wanapumzika kidogo na kutumia muda mwingi zaidi kusafiri. Yaani wanakimbia ndani ya nyumba yao wenyewe.

Tukawaacha, tukatoka nje zaidi. Mzee akazima mashine.

Na hapo, wapenzi wasomaji, hakuna kilichotokea. Nataka mlielewe hilo kabla ya kulipa. Hakuna mtu anayeweza kukuuzia nyangumi. Unalipia boti, mafuta na macho ya mzee. Anayekuahidi kwamba utamwona kwa asilimia mia anakudanganya, na kuna uwezekano atamfukuza mnyama ili atimize ahadi yake. Tulikaa tunayumba, saa ya kwanza, saa ya pili. Mzee amesimama omo anaangalia maji. Kijana anatafuna muhogo. Mtandao hakuna. Hakuna mtoto wa kuuliza kama amekula. Hakuna mafundi wa kupigia simu. Nilikuwa sijakaa na mume wangu hivyo, bila kitu mkononi, sijui tangu lini.

Akaangalia saa.

"Hivi tumelipa kwa saa au kwa nyangumi?"

"Umeanza."

"Nauliza tu. Mafundi wanamaliza linta Jumanne, sijui hata nondo zimefika."

"Sasa hapa nondo zinahusu nini?"

"Zinahusu kwa sababu nyumba haijengeki kwa kuangalia maji."

Sijui kama ni kichefuchefu au ni siku tisa zile. Nilijikuta nasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga, na nililisema kwa sauti kubwa kuliko boti yenyewe. Nilisema: hiyo nyumba ni ya nani? Mimi naishi Iringa. Mtoto anasoma Iringa. Kazi yangu ipo Iringa. Tangu umenunua kile kiwanja, tangu umechora ramani, tangu umemwaga msingi, ni siku gani uliniuliza kama nataka kuishi Mbeya?

Kijana baharia aliacha kutafuna. Alipata kazi ya haraka sana ya kukunja kamba.

Mwenzangu alifungua mdomo, akaufunga. Nami mara hiyohiyo nikaona aibu, kwa sababu haikuwa haki kabisa. Sikuulizwa, ni kweli. Lakini ramani nilionyeshwa, na nilichosema siku ile ni kwamba jiko liwe kubwa. Miaka mitatu nimekuwa nikichagua rangi ya vigae vya nyumba nisiyotaka kuhamia, nikitabasamu. Nani alimdanganya nani?

"Kaeni kimya," Mzee akasema. Nilidhani anatugombeza. Halafu akanyoosha mkono. "Yule pale."

Nilisikia kabla sijaona. Pumzi. Pumzi nzito, kama breki za hewa za basi likiingia stendi, na juu ya maji ukasimama mvuke mrefu kuliko mtu. Halafu mgongo mweusi ukaja, ukaendelea kuja, ukaendelea tu, nikawa nasubiri uishe. Ukaisha kwa kile kipezi kidogo chenye kinundu, ukazama taratibu. Hakukuwa na mbwembwe. Pembeni yake ikatoka pumzi ya pili, ndogo, ya haraka haraka, kama mtoto anayejifunza kupuliza puto.

"Mama na mwana," akasema Mzee. "Na yule wa nyuma dume."

Walikuwa watatu. Nilimshika mwenzangu mkono, au yeye alinishika, hatukubaliani mpaka leo. Nilisema kwa kunong'ona, ona baba yake anavyowalinda. Niliporudi Iringa nikataka niandike hivyo hivyo, ningewapa makala tamu ya wanaume wanaosindikiza familia. Bahati mbaya nilisoma kwanza. Dume anayemfuata mama na mtoto kwa kawaida si baba wa mtoto. Yupo pale akitumaini kwamba mama atakubali kupandwa tena. Nyangumi kibyongo hawana ndoa. Mtoto anakaa na mama karibu mwaka mzima, na baba hajulikani yupo bahari gani. Kwa hiyo wale mnaosubiri niseme ndoa ni kama nyangumi, subirini kwingine.

Tulikuwa mbali nao, mita mia na kitu hivi, na Mzee hakuwasha mashine. Sehemu nyingi duniani mita 100 ndiyo kanuni: usimsogelee zaidi ya hapo, usimkate mbele, usimfuate kwa nyuma kwa kasi, na kamwe usiingie kati ya mama na mtoto. Ukizima mashine na akaamua kuja mwenyewe, hilo ni lake. Sababu si ustaarabu tu. Yule mama yupo kwenye mfungo. Kila mara anapolazimika kukimbia anachoma mafuta ambayo yangekuwa maziwa, na hana pa kuyarudishia mpaka afike tena kusini.

Wakati huo ndipo ilipotokea boti nyingine kutoka upande wa nchi kavu, mashine mbili nyuma, watalii wamesimama na simu juu. Ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye pengo kati ya mama na mtoto wake. Mzee akapiga mluzi. Hawakusikia. Na mume wangu, huyu mpole, huyu anayeomba radhi kwa konda, alisimama juu ya ubao wa boti bila kushika kitu, hajui kuogelea, akaanza kupunga mikono yote miwili na kupiga kelele.

"Zima! Zima mashine! Kuna mtoto! Zima!"

Nilimshika suruali nyuma. Alikuwa anatetemeka. Ile boti ikapunguza, ikageuka, sijui ni kwa sababu yake au ya wale watalii walioanza kumpiga picha yeye. Mama alikuwa tayari amezama. Mkia wake ulitoka wote nje ya maji, mweusi juu na mweupe chini, wenye mikwaruzo. Michoro hiyo ya chini ya mkia haifanani kati ya nyangumi wawili, ndiyo alama yao ya dole gumba, na wataalamu huwatambua kwa picha zake. Kisha maji yakawa laini pale aliposhukia, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Tulihesabu dakika. Waliibuka mbali sana, pumzi kubwa, pumzi ndogo, wakielekea kaskazini.

Mwenzangu akakaa chini. Uso umelowa. Maji ya bahari, alisema.

Mzee alimwangalia kwa muda. "Wewe wa Mbeya," akasema, "njoo keshokutwa ufanye kazi na mimi." Halafu akatusimulia habari za Nabii Yunus, ambaye sisi tunamwita Yona, na mwenzangu akamsimulia kuhusu picha ya mtoto aliyoipaka nyangumi rangi ya zambarau. Wakabishana kwa heshima ni siku ngapi alikaa tumboni.

Wakati wa kurudi Mzee alisimama kwenye mwamba wenye maji matulivu ili wanaotaka waingie. Mimi kuingia siingii. Nilishuka ngazi mbili, boya limenibana shingo, kijana kanishika mkono mmoja na mume wangu mwingine, nikavaa miwani ya kuzamia nikatumbukiza uso tu. Nilitaka kuona samaki wa rangi. Sikuwaona. Nilisikia sauti.

Ilikuwa mbali. Ilianza chini kabisa, kama ng'ombe anayeita ndama kutoka bonde la pili, ikapanda, ikawa kama mlango wa gereji usiotiwa mafuta, ikakatika. Kimya. Ikaanza tena. Nilitoa kichwa nikasema kuna kitu kinalia. Kijana akacheka: anaimba huyo. Nikamvuta mwenzangu naye akashuka, tukakaa hivyo, watu wazima wawili wameinamisha nyuso majini kama bata, miguu kwenye ngazi.

Ni madume ndiyo wanaoimba. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika 10 hadi 20, kisha unarudiwa, saa na saa. Watafiti wawili wa Marekani, Roger Payne na Scott McVay, ndio walioandika mwaka 1971 kwamba sauti hizo si kelele tu, zina mpangilio unaojirudia. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na wote wanaufuata ulivyobadilika. Kwa nini hasa wanaimba, wataalamu bado wanabishana. Wengine wanasema ni kwa ajili ya majike, wengine wanasema madume wanaambiana wao kwa wao.

Usiku tulikula pweza ufukweni. Upepo umetulia. Mwenzangu alikuwa anachora chora mchangani kwa kijiti na nikaona ni vyumba. Sebule, korido, jiko kubwa. Akaacha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ukiulizwa utasema hapana. Ndiyo maana sikuuliza. Nilisema nikianza kujenga, ikafika linta, ikaezekwa, utaiona, utakuja mwenyewe."

Sikuwa na jibu la kihariri. Nimesoma mawasiliano chuo kikuu miaka mitatu, na nimewaandikia nyie makala sijui ngapi za namna ya kumsikiliza mwenzi wako. Nilimwambia tu kwamba mimi pia nilijua. Nilijua hakuuliza kwa sababu anaogopa, na nikamwacha hivyo, kwa sababu asipouliza mimi silazimiki kusema hapana. Tulikaa sana. Aliniuliza maswali mengi usiku ule, mengine ya kijinga, mengine yalikuwa na haki ya kuulizwa kabla ya harusi. Kama ningekuwa tayari Mbeya kwa miaka miwili. Kama ofisi yake ina tawi Iringa (inalo). Kama naona nyumba ile inaweza kupangishwa. Kama nimemchoka. Hilo la mwisho alilitupia katikati ya mengine kama mtu anayeficha noti kwenye begi la nguo chafu.

Hatukuamua. Najua mngependa niseme tuliamua. Linta ilimalizwa Jumanne ile kama ilivyopangwa, na kwa miezi mitano baada ya hapo hakuna mfuko hata mmoja ulionunuliwa. Ilinyeshewa. Majirani wa Iwambi walifikiri tumeachana. Aliomba uhamisho, ukakataliwa, ameomba tena.

Mkitaka kwenda, nendeni. Julai mwishoni mpaka Septemba ndiyo wakati mzuri, na si Kizimkazi peke yake, wanaonekana pia Mafia na kusini huko Mtwara. Ombeni nahodha anayejulikana kwa subira, na mumwulize kabla ya kulipa: ukiwaona utafanyaje? Akisema nitawafukuzia mpaka mpate picha, shukeni.

Jumatatu tulipanda basi la Mbeya kutoka Mbezi. Tulifika Igumbilo jioni. Mimi ndiye wa kushuka, yeye anaendelea, ndivyo tulivyozoea: ananishikia mfuko mpaka mlangoni, ananipa mkono, konda anapiga bodi. Nilishuka. Nikageuka kumpungia dirishani nikaona kiti kitupu. Alikuwa amesimama nyuma yangu vumbini, ameshika ile chupa ya maji tu.

"Kesho nitachelewa kazini," akasema. "Nataka nimwambie mtoto mwenyewe."

Basi lilikuwa limeshaondoka. Ndipo akakumbuka begi lake lipo kwenye buti, na nguo zake zote, na kanga mbili za mama mkwe. Lilifika Mbeya saa sita usiku, peke yake.